Ini la kichanga na kinga ya mama

Kichanga wa siku mbili ananyonya kwa shida, sukari yake inashuka, na kitovu kinavuja damu isiyoganda. Awe Kilolo mkoani Iringa au Rungwe mkoani Mbeya, mhudumu atashuku kwanza maambukizi ya damu, na ni sahihi aanze matibabu hayo mara moja. Lakini ini likifeli siku za mwanzo kabisa, kuna swali la kumuuliza mama: je, umewahi kupoteza mtoto mwingine hivi?

Zamani ugonjwa huu wa ini la vichanga ulidhaniwa ni wa madini ya chuma, kwa kuwa chuma hukutwa kimejaa kwenye kongosho, moyo na tezi za mate. Kumbe chuma ni matokeo. Chanzo kikuu cha ugonjwa ni kingamwili za mama, ambazo huvuka kondo la nyuma na kushambulia ini la mtoto tumboni kana kwamba ni adui. Mama mwenyewe haumwi chochote, na hakuna alichokosea.

Chanzo kikijulikana, tiba hubadilika. Mtoto hubadilishiwa damu ili kingamwili hizo zitolewe, kisha hupewa kingamwili zilizochujwa kutoka plazma ya wachangiaji wengi, gramu 1 kwa kila kilo ya uzito. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, watoto 12 kati ya 16 waliotibiwa hivyo walipona; kabla ya tiba hiyo waliopona walikuwa 23 kati ya 131.

Kinga ya mimba inayofuata ina nguvu zaidi. Mwaka 2004 Peter Whitington wa Chicago na mwenzake walionyesha kwamba mjamzito akipewa dawa hiyohiyo ya kingamwili za wachangiaji kila wiki, mtoto huokoka. Bila dawa, mimba takriban 9 kati ya 10 zinazofuata huathirika.

Gharama ndiyo mlima. Kichanga wa kilo 3 anahitaji gramu 3; mama wa kilo 60 anahitaji gramu 60 kila wiki, kwa miezi. Ndiyo maana hospitali za Mbeya na Iringa hazipaswi kusubiri dawa ifike ndipo zianze kuchukua hatua. Kifo cha kichanga na dalili zake viandikwe kwenye kadi ya kliniki, ndugu waelezwe kwamba huu si mkosi wala laana, na mama huyo akishika mimba tena apewe rufaa kwa bingwa kabla ya wiki ya 14, wakati dawa bado inaweza kuwahi ini la mtoto.