Detekta ikiingia nyumbani, mtoto akae wapi?

Jumamosi jioni, jua likishapoa, si ajabu katika vijiji vya Geita na Kahama kumkuta mtu kavaa hedifoni, anapitisha sahani ya detekta juu ya udongo taratibu kama anayefagia. Nyuma yake huwa kuna watoto. Hakuna aliyewaita, wamefuata mlio.

Kwa wengine hiyo ni kazi ya kila siku. Wapo pia wenye ajira au duka mjini wanaoifanya mwisho wa wiki tu, kama wengine wanavyokwenda mpirani, na hao ndio mara nyingi huwachukua watoto wao. Ndiyo maana mzazi anahitaji kujua kidogo kuhusu mashine yenyewe. Sahani yake hutoa nguvu ya sumaku inayoingia ardhini, na ikikutana na metali, mashine hulia. Haichagui dhahabu peke yake. Kizibo cha soda kitaiamsha, msumari pia, kipande cha bati pia. Anayeitumia hufukua vizibo vingi kabla ya kuona chochote cha maana, jambo ambalo wauzaji wa mashine hizo hawalisemi kwa sauti kubwa.

Mahali panapopendwa ni mahame. Wakati wa Operesheni Vijiji miaka ya 1970, familia nyingi ziliacha miji yao iliyotawanyika na kuhamia vijiji vya pamoja, na udongo wa miji ile bado una majembe, bangili na senti za Afrika Mashariki zenye tundu katikati. Senti moja ya namna hiyo, kama babu yupo, ni mazungumzo ya jioni nzima. Kwa mtoto hilo ni jambo zuri, wala si la kukataza.

Shida huanza pale ndoto inapozidi. Ipo imani kwamba Wajerumani walifukia utajiri wa rupia chini ya maboma na miembe, na watu wamechimba hata makaburini. Ni kweli kwamba mwaka 1916, vitani, Wajerumani walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo kwenye karakana ya reli ya Tabora. Lakini rupia za kawaida zilikuwa za fedha, na chenji yake ilikuwa heller, ambayo ndiyo imetupa neno "hela". Anayekuja kwako na "ramani ya rupia" akitaka utangulize pesa anakuibia.

Sheria nayo ipo. Madini yote yaliyo ardhini ni mali ya Jamhuri, hata kama shamba ni la ukoo, na kuyatafuta kunahitaji leseni. Kuchimba mabaki ya kale kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha mtoto kwenye uchimbaji.

Kutoka kwenye shimo hadi jikoni

Mtoto anayeshika hedifoni kwa dakika tano hajaingia hatarini. Hatari huja baada ya mashine kulia mara mbili tatu mahali pamoja. Familia hujiambia kwamba udongo ule una kitu, huubeba hadi nyumbani, huusaga na kuusafisha, kisha hutafuta zebaki.

Donge lililookotwa kwa detekta halihitaji zebaki, huuzwa lilivyo. Zebaki hutumika kukusanya chembe ndogo zilizomo kwenye mchanga uliosagwa. Hushikana na dhahabu, mchanganyiko huo huchomwa, zebaki ikapaa kama mvuke na dhahabu ikabaki. Mvuke huo hauonekani wala haunuki. Ukichomewa jikoni, kila aliye ndani anauvuta, na unaobaki hutua kwenye kuta, sakafu na nguo. Ubongo wa mtoto unaokua huumia zaidi, na kwa mjamzito zebaki hupita hadi kwa mtoto aliye tumboni. Mwaka 2013, shirika la Human Rights Watch liliripoti watoto wa miaka minane wakifanya kazi kwenye machimbo madogo nchini, Geita na Shinyanga zikiwemo, baadhi wakishika zebaki kwa mikono mitupu. Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataja uchomaji kwenye makazi ya watu miongoni mwa mambo ya kukomeshwa.

Kwa hiyo mwalo wa zamani usiwe uwanja wa mchezo wa detekta kwa mtoto, hata kama umeachwa miaka mingi na nyasi zimeota. Zebaki haiozi, na marudio yaliyorundikwa pale bado yanayo.

Mashimo yana balaa lake. Shimo la kufikia magoti lililoachwa wazi Septemba, mvua zikija ni kisima kisicho na mfuniko, na mtoto mdogo huzama kwenye maji machache sana. Lifukiwe palepale, kabla ya kusogea hatua nyingine. Mahame mengi yalikuwa na mazizi ya ng'ombe, na vijidudu vya pepopunda huishi kwenye udongo na samadi, kwa hiyo mtoto aliyechomwa na msumari pale apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo na kadi yake ya chanjo. Sarafu zilizookotwa zikae mbali na wanaotambaa, maana kila kitu huishia mdomoni.

Kama nyumbani kwenu zebaki imewahi kuchomwa na mtoto anatetemeka mikono, amekuwa mwenye hasira au anasahau masomo, mwambie daktari habari ya zebaki bila kusubiri kuulizwa. Dalili hizo peke yake hazitamfikisha huko haraka.

Na zebaki ikimwagika sakafuni, usifagie, kwa sababu ufagio huivunja kuwa vitone vidogo na kuvisambaza. Toa watoto nje, fungua milango na madirisha, sukuma matone kwa kipande cha karatasi ngumu hadi kwenye chupa yenye kifuniko. Nguo za aliyechoma zifuliwe peke yake, na asiyezifua awe mjamzito.