Madaftari mawili na kamusi moja

Mwaka 1570 kilichapishwa London kitabu cha mwalimu ambaye wakati huo alikwishafariki, Roger Ascham. Huyu ndiye aliyemfundisha Kilatini na Kigiriki binti wa Mfalme Henry wa Nane, Elizabeth, kabla hajawa malkia. Katika kitabu hicho, The Scholemaster, Ascham anaeleza njia yake ya kufundisha. Mtoto apewe kipande cha Kilatini cha Cicero, mwandishi wa Kirumi, akielewe vizuri, akitafsiri kwa Kiingereza katika daftari la kwanza. Kisha anyang'anywe kitabu. Baada ya muda achukue tafsiri yake mwenyewe na kuirudisha katika Kilatini, katika daftari la pili. Hapo mwalimu huweka Kilatini cha mtoto kando ya kile cha Cicero, na somo lenyewe ndipo linapoanza.

Natamani njia hii imfikie kila kijana wa Tanzania anayehangaika kuandika Kiingereza. Amesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza na kukuta karibu kila somo limegeuka Kiingereza. Anafika chuo akiwa anaelewa anachosoma na anachosikia, lakini akiambiwa aandike ukurasa mmoja jasho linamtoka. Akiomba ushauri anamiminiwa orodha: pakua programu fulani, tazama filamu, jiunge na kundi la WhatsApp linalotuma neno jipya kila asubuhi. Bando linaisha, miezi inakatika, na barua yake ya kuomba kazi bado inaanza na "Refer to the heading above", kwa sababu barua zetu za kiofisi huanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu".

Mimi napima kila kifaa kwa maswali mawili. Je, kinanifanya niandike? Na nikishaandika, kinanionyesha nilipokosea? Filamu inafunza sikio, na hilo ni jambo jema, lakini haigusi kalamu. Orodha za maneno magumu naziogopa zaidi, maana zimewafanya vijana wengi wajaze barua zao maneno mazito yasiyokaa pamoja, wakidhani huo ndio usomi. Njia ya Ascham inajibu maswali yote mawili, tena kwa gharama ya madaftari mawili.

Tuchukue sentensi moja ya kawaida, ya aina inayopatikana kila siku katika The Citizen au Daily News: "The council has postponed the meeting until the rains stop." Mwanafunzi anaiandika kwa Kiswahili: "Halmashauri imeahirisha kikao hadi mvua zitakapokoma." Kiswahili safi kabisa. Anafunga daftari. Baada ya siku tatu anakifungua Kiswahili chake bila kuangalia gazeti, anakirudisha: "Council has postponed meeting until the rains will stop."

Sasa alinganishe. "The" mbili zimedondoka, kwa sababu Kiswahili hakina vijineno hivyo na hakuna kilichomkumbusha. Halafu kuna "will". Imetoka wapi? Imeingia kupitia "zitakapokoma". Sisi tunataka wakati ujao uonekane ndani ya kitenzi. Kiingereza, baada ya "until", "when" na "before", kinatumia wakati uliopo hata kama jambo bado halijatokea. Mwanafunzi huyu pengine alikwishaambiwa kanuni hiyo darasani na ikampita. Leo ameiona katika mwandiko wake mwenyewe, kando ya sentensi iliyo sahihi, na itamkaa.

Akiendelea hivyo kwa wiki kadhaa ataanza kuona makosa yake yana ukoo. "The book which I bought it" ni mtoto wa "kitabu nilichokinunua". "Although he was sick, but he came" ni mtoto wa "ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja". Anayeandika hivi si mjinga. Anatii sheria za lugha anayoijua vizuri, katika lugha yenye sheria nyingine. Ndiyo maana yananisikitisha yale mabango ya "Speak English" yanayopigiliwa kwenye miti ya shule, na adhabu zinazofuatana nayo. Mtoto anafundishwa kuona haya kwa lugha yake, wakati katika kuandika lugha hiyo hiyo ndiyo ingemwonyesha mahali hasa anapojikwaa.

Aya unayochagua kutafsiri iwe fupi, sentensi tano au sita, na ifanane na kile unachotaka kuandika. Muuguzi achukue ripoti ya afya, anayeomba ufadhili achukue barua nzuri ya maombi. Jambo moja la kuangalia: si kila tofauti ni kosa. Ukiandika "delayed" mahali pa "postponed" huenda umepatia nusu, na hapo unahitaji mwamuzi.

Mwamuzi huyo ni kamusi, ila iwe kamusi ya wanaojifunza. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili, kama ile ya TUKI ya mwaka 1996, ni hazina unapotaka kuelewa unachosoma. Ya kuandikia ni nyingine. A. S. Hornby alikuwa mwalimu wa Kiingereza nchini Japani, akaona kamusi za Waingereza hazimwambii mgeni anachohitaji. Yeye na wenzake wakatunga ya kwao, ikachapishwa Tokyo mwaka 1942, na mwaka 1948 Oxford wakaitoa tena. Hiyo ndiyo inayojulikana leo kama Oxford Advanced Learner's Dictionary. Fungua "advice": utaona alama kwamba nomino hiyo haihesabiki, basi "advices" ifute. Fungua "discuss": mifano yote inapeleka kitenzi moja kwa moja kwenye jambo linalojadiliwa, bila "about". Oxford, Cambridge na Longman wote wana kamusi za aina hii mtandaoni, bure.

Kitabu cha sarufi kimoja kinatosha. English Grammar in Use cha Raymond Murphy, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1985, kina maelezo upande wa kushoto, mazoezi upande wa kulia na majibu nyuma, kwa hiyo unaweza kusoma bila mwalimu. Tafadhali usianze ukurasa wa kwanza ukakifuata hadi mwisho. Wengi huchoka katikati. Anza na kosa lililojitokeza katika daftari lako la pili, tafuta somo lake, fanya mazoezi hayo, funga.

Kusoma nako kuna kipimo. Watafiti Hu na Nation, katika kazi yao ya mwaka 2000, walikadiria kwamba ili mtu aelewe hadithi bila msaada anapaswa kujua takriban asilimia 98 ya maneno yake, yaani asiyoyajua yasizidi mawili katika kila mia. Hesabu ukurasa mmoja kabla ya kununua kitabu. Kama ni kigumu, rudi kwenye vitabu kama Hawa the Bus Driver cha Richard Mabala, kilichosomwa sana katika sekondari zetu, na usione aibu ya umri. Sentensi zake ni fupi na zimenyooka, na barua nyingi za ofisini zingependeza kuandikwa hivyo.

Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 vijana wananiuliza kama yote haya bado yana maana, ikiwa akili unde inaweza kuandika barua nzima kwa sekunde chache. Ikikuandikia, hujajifunza lolote, na siku ya usaili au ya mtihani utakaa peke yako na karatasi. Lakini inaweza kukusaidia ukiiamuru vizuri. Andika mwenyewe kwanza. Kisha iambie isibadilishe neno hata moja. Ikutajie tu mistari yenye kosa na aina ya kosa, bila kukupa jibu. Sahihisha kwa mkono wako, hakikisha kwenye kamusi, kwa sababu chombo hiki nacho hukosea kwa kujiamini, ndipo uirudishie ikague tena. Na kama una rafiki mwenye shida kama yako, badilishaneni lile daftari la kwanza, la Kiswahili: yeye arudishe aya yako kwa Kiingereza na wewe yake, kisha mkae na gazeti katikati yenu mbishane juu ya kila "the".