Usomi wa Umma Hauanzii Siku ya Restitisyo

Kila mara ufadhili wa usomi wa umma unapotajwa mbele ya wanafunzi wa udaktari wa Bunia, mji mkuu wa jimbo la Ituri huko Kongo, iwe ni wasaidizi wa kufundisha wa chuo kikuu cha serikali au wenzao wa vyuo vya makanisa, huulizwa swali moja: je, ufadhili huo unalipia restitisyo? Restitisyo, kwa wasioizoea, ni ile warsha ya nusu siku ambamo mtafiti aliyekwisha kutetea tasnifu yake, au aliye karibu kuitetea, huwakusanya machifu, viongozi wa vyama vya akina mama, wajumbe wa mashirika na waandishi wa habari ili awaeleze aliyoyagundua juu yao. Swali hilo limekosewa tangu mzizi, na kosa lake humfanya mwombaji aandike ombi lisiloweza kupita hata mchujo wa kwanza, kwa hiyo ni afadhali lijibiwe mara moja kwa urefu kuliko kuendelea kujibiwa kila mwaka kwa ufupi.

Usomi wa umma, kwa maana wanayoitumia wanaoufadhili, ni utafiti wa kiwango cha chuo kikuu ambao watu wasio wa chuo wameshiriki katika kuuliza swali lake, kukusanya ushahidi wake au kuupima ukweli wake, na ambao matokeo yake huwafikia kwa lugha wanayoielewa na kwa wakati ambapo bado wanaweza kuyatumia. Kwa sababu hiyo ufadhili wa aina hii hutofautiana na bursa ya kawaida inayolipa karo, chakula na tiketi ya ndege. Imagining America, muungano wa vyuo vikuu vya Marekani ulioanzishwa mwaka 1999, una mpango wa wanafunzi wa shahada za juu uitwao PAGE, na kitu kikubwa ambacho mwanafunzi hukipata humo ni kundi la wenzake wa kusomeana rasimu, kupingana na kufundishana namna ya kufanya kazi na jumuiya bila kuziharibu, huku fedha zenyewe zikiwa ni jambo la pili. Anayesoma tangazo la ufadhili wa namna hiyo huku akitafuta mstari wa bajeti ya warsha ya mwisho amesoma tangazo jingine kabisa.

Imani inayoishikilia restitisyo huichukulia elimu kama sufuria iliyoazimwa kwa jirani, ambayo adabu inataka irudishwe ikiwa imeoshwa vizuri. Mtafiti huchukua maelezo kijijini, huyapika chuoni kwa miaka minne au mitano, kisha huyarudisha yakiwa na jedwali na ramani, na dhamiri yake hutulia. Kasoro ya imani hiyo ni kwamba haiulizi jirani alikuwa akila nini muda wote sufuria ilipokuwa jikoni kwa mwenzake, na katika Ituri swali hilo lina majibu yanayoweza kuhesabiwa kwa miaka na kwa vifungu vya sheria.

Sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya Serikali, ambayo huwapa watu na kampuni haki ya kuitumia kwa njia ya konsesioni, yaani eneo lililopimwa na kuandikishwa kwa jina la aliyepewa. Kuhusu ardhi zinazokaliwa na jumuiya za wenyeji, kifungu cha 389 kiliahidi kwamba haki zao zingepangwa kwa agizo la Rais, agizo ambalo halikutolewa, na hivyo mkulima wa wilaya ya Djugu au ya Irumu amebaki juu ya shamba la babu yake bila karatasi inayomtambua. Papo hapo sheria hiyo huruhusu cheti cha usajili kupingwa mahakamani kwa miaka miwili tu, na baada ya hapo mwenye cheti huwa salama hata kama ardhi aliyoiandikisha ilikuwa na watu, makaburi na migomba. Ugomvi juu ya mipaka ya konsesioni ulikuwa miongoni mwa cheche za mwaka 1999 huko Walendu-Pitsi, katika Djugu, na vita vilivyofuata hadi mwaka 2003 viliua watu ambao Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa zaidi ya 50,000.

Achukuliwe sasa mwanafunzi wa udaktari, wa sheria au wa sosholojia, anayechunguza konsesioni za Djugu kwa uangalifu wote unaotakiwa. Katika mwaka wake wa kwanza, akiwa katika ofisi ya ardhi, anaona cheti kipya ambacho mipaka yake imevuka kijito na kuingia katika mashamba ya kijiji. Anakinakili, anakipa namba katika orodha ya viambatisho, na kuendelea na kazi. Katika mwaka wa tano anafanya restitisyo ya kupigiwa mfano, yenye mkalimani na chakula, na kuwaeleza wanakijiji kwamba walikuwa na haki ya kwenda mahakamani, haki iliyokwisha muda wake takriban miaka miwili kabla ya yeye kusimama mbele yao. Warsha hiyo haina kosa lolote la maandalizi. Tatizo lake ni kalenda, na hakuna bajeti inayoweza kuinunua kalenda nyuma. Mwanafunzi yuleyule, kama angekuwa amekubaliana na wanakijiji tangu mwanzo kwamba kila karatasi ya hadharani atakayoipata itasomwa mbele yao kwa lugha yao, angekuwa na tasnifu iliyo bora zaidi, kwa sababu angeona pia kilichofuata baada ya watu kujua.

Kasoro ya pili ni kwamba restitisyo hairuhusu kusahihishwa. Maandishi yanapofika ukumbini yamekwisha kupitishwa na promota, yaani profesa anayeisimamia tasnifu, na mara nyingi pia na jopo la watahini, hivyo mzee akisimama na kusema kwamba ukoo uliotajwa katika sura ya tatu haukufika mahali pale kwa njia iliyoandikwa, hushukuriwa kwa mchango wake mzuri na kuandikwa katika ripoti kama mshiriki mchangamfu. Katika jimbo ambalo historia ya nani alitangulia kufika wapi imewahi kutumika kama hoja ya kuwafukuza watu, kosa la aina hiyo lina hatari kubwa kuliko kosa la takwimu, na mahali pake pa kugunduliwa ni kwenye rasimu.

Kuhusu hadhira, yatosha kuitazama orodha ya mahudhurio. Majina yaliyomo ni yale yale yaliyokuwa katika warsha ya juma lililotangulia juu ya lishe na katika ile ya kabla yake juu ya amani, kwa kuwa pesa za usafiri huwafikia wanaojua zinakogawiwa, ilhali mwanamke anayeuza mihogo sokoni, mchimbaji wa dhahabu wa Mongbwalu na familia iliyokimbia Djugu na kuishi katika kambi ya Kigonze, ambao ndio waliotoa data, hawamo. Kuna hata wanaohesabu picha ya bango na soda kuwa ushahidi wa athari katika jamii. Ushahidi huo ni wa soda.

Mlipuko wa Ebola ulionyesha kwamba njia nyingine inawezekana. Ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu ya Kaskazini, ukaingia Ituri, na ulipotangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umehesabiwa wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Swali la kwa nini watu waliwaficha wagonjwa au kuyakataa mazishi ya timu za afya lilikuwa swali la kianthropolojia la kustahili tasnifu kadhaa, lakini kitengo cha uchambuzi wa sayansi za jamii kilichoanzishwa na UNICEF na washirika wake hakikungoja tasnifu yoyote. Kilikusanya maelezo ya jumuiya, kikayachambua kwa haraka, kikayaweka mbele ya waliokuwa wakifanya maamuzi, kisha kikafuatilia kama mapendekezo yametekelezwa. Wanaosema kwamba kasi huharibu elimu wana hoja pale kasi inapokuwa mazoea ya kila siku, ila hawana hoja pale ugonjwa unapotembea haraka kuliko jopo la watahini.

Tahadhari inayohitajika hapa ni ya kutouchanganya usomi wa umma na kazi za ushauri ambazo mashirika hulipia mjini Bunia. Mahmood Mamdani, alipokuwa mkurugenzi wa taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere na kuandaa mpango wa udaktari ulioanza mwaka 2012, alilalamika hadharani kwamba utamaduni wa ushauri unawageuza wasomi wa Afrika kuwa watu wa kujibu maswali yaliyotungwa na wengine. Lalamiko lake linahusu restitisyo pia, kwani swali lililotungwa Bruxelles na kujibiwa Irumu halibadiliki kuwa la watu wa Irumu kwa sababu tu jibu limesomwa mbele yao. Watafiti wa Kivu na wenzao wa Ubelgiji, katika mfululizo wa makala uitwao Bukavu Series, uliochapishwa kama kitabu mwaka 2020, waliongeza jambo ambalo vyuo vingi bado vinalikwepa: mwenyeji anayejadiliana na wenye silaha barabarani, anayetafsiri na anayehatarisha maisha, mara nyingi hana jina katika makala inayotokana na kazi yake.

Vilevile msomi wa umma hatakiwi kuwa mwanasiasa, ingawa Bunia ina sababu yake ya kudhani hivyo. Ernest Wamba dia Wamba, mwanahistoria aliyefundisha Dar es Salaam, aliyeandika juu ya baraza la kijadi kama njia ya watu kumaliza mikinzano yao na aliyewahi kuwa rais wa CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi za jamii barani Afrika, alihamia mjini hapa mwaka 1999 akiwa kiongozi wa kundi la waasi, na kundi hilo likagawanyika kwa silaha mikononi mwake wakati mabaraza aliyoyasifu yalikuwa yakichomwa pamoja na vijiji vyenyewe. Ufadhili unaozungumzwa hapa hautaki wasomi waongoze chochote.

Linaloshangaza zaidi ni kwamba mji unaouliza juu ya restitisyo una chombo cha kale kinachoweza kuchukua nafasi yake. Radio Candip, iliyozaliwa miaka ya 1970 ndani ya kituo cha uenezaji wa elimu cha Chuo cha Juu cha Ualimu, ilijengwa ili elimu ya chuo iwafikie watu wa mashambani kwa lugha zao, na wasikilizaji wajibu. Mwanafunzi wa udaktari anayetangaza rasimu ya sura yake ya pili kwa Kiswahili na kwa Kilendu au Kialur, kisha akapokea simu za wanaoipinga, amefanya kwa saa moja kile ambacho warsha yake ya mwaka wa tano haitakifanya kwa siku nzima.

Zimebaki njia zenyewe, ambazo hazihitaji maneno mengi. CODESRIA ya Dakar, iliyoanzishwa mwaka 1973, iko wazi kwa Waafrika wote na hufanya kazi kwa Kifaransa pia; ndiyo ya kutazamwa kwanza na mwanafunzi wa sayansi za jamii. OWSD huwafadhili wanawake wa sayansi kutoka nchi zilizo nyuma kisayansi na kiteknolojia, Kongo ikiwemo, kwa sharti kwamba wasomee katika nchi nyingine inayoendelea. VLIR-UOS na ARES za Ubelgiji hupitia ushirikiano wa vyuo, kwa hiyo mwombaji aanze na profesa mwenye mradi, asianze na fomu. CARTA, yenye makao yake Nairobi, ina mafunzo bora ya pamoja ya udaktari, lakini ni ya watumishi wa vyuo wanachama, na Kongo haina chuo humo. Mpango wa Marekani wa udaktari wa sayansi za jamii ulioanza mwaka 2011, na ule wa taaluma za binadamu ulioanza mwaka 2008, ambayo ingali inazunguka katika orodha za kwenye simu, haikuijumuisha Kongo, na anayeiuza orodha hiyo kwa dola kumi anauza karatasi. Ufadhili wa kweli haudai ada ya kuomba, wala hauhitaji wakala, wala hautoi udaktari wa heshima kwa malipo ya awamu. Kuhusu PAGE, ni ya walio katika vyuo wanachama. Kwa aliye Bunia inafaa kuigwa kuliko kuombwa, kwa kuwa wanafunzi watano wa vyuo viwili wanaokutana kila mwezi kusomeana rasimu hawahitaji idhini ya Marekani.

Katika ombi lenyewe, fedha za mkalimani, za muda wa redio na za chakula cha wasomaji wa rasimu ziwekwe mwaka wa kwanza, pamoja na muda wa kupata barua za ruhusa, kwa sababu tangu hali ya kuzingirwa ilipotangazwa Mei 2021 utawala wa Ituri uko mikononi mwa wanajeshi na utafiti wa ardhi au wa dhahabu huulizwa maswali njiani. Wenyeji waliokusanya data watajwe kwa majina isipokuwa pale jina linapoweza kuwadhuru, na uamuzi huo uwe wao. Restitisyo ikitakiwa na chuo, ifanywe, iwekwe mstari wa mwisho wa bajeti na ipewe kiasi kidogo.