Tofali Lisiloonja Moto

Anayesoma habari za ujenzi endelevu kutoka nchi za viwanda atakuta mtuhumiwa mkuu ni saruji, na ushahidi upo. Ili kupata saruji, mawe ya chokaa huchomwa kwenye joto la takriban nyuzi 1,450, na zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa inayotoka haitokani na makaa wala gesi ya kuchomea. Hutoka ndani ya jiwe lenyewe linapovunjwa na joto. Kwa dunia nzima, saruji hubeba asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Ndiyo maana ushauri unaotolewa mara nyingi ni mwepesi: punguza saruji, jenga kwa udongo. Lakini ushauri huo ukifikishwa Kigwa, wilayani Uyui mkoani Tabora, bila kuuliza udongo wenyewe unafanywa nini kabla ya kuwa ukuta, unaweza kuleta hasara kubwa kuliko saruji. Kwa sababu pale, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Unyamwezi, kujenga kwa udongo siku hizi maana yake ni kujenga kwa matofali ya kuchoma, na kinachoyachoma ni miombo.

Tofali hili lina sifa njema kihistoria. Mwaka 1977, akitathmini miaka 10 ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwasuta Watanzania kwa kung'ang'ania saruji na bati, akaiita hali hiyo kupooza kwa akili, na akawahimiza wajenge kwa matofali ya kuchoma na vigae vya udongo wao wenyewe. Hoja yake ilikuwa ya kujitegemea: saruji ilitoka mbali na ilikula fedha, udongo ulikuwa chini ya miguu. Kwa upande huo alisema kweli, na hata leo mfuko wa saruji unaosafirishwa kutoka pwani hadi Tabora hubeba gharama ya zaidi ya kilomita 800 za reli au barabara. Ila katika hesabu ile kuni zilikuwa kama hazina bei. Mti uliosimama porini haukuandikwa popote kuwa ni kifaa cha ujenzi, ingawa ndio uliokuwa unateketea.

Tuuandike basi. Tofali la kawaida la kufyatuliwa kwa mkono lina uzito wa kilo 3 hivi. Tanuri la kienyeji, lile la kupanga matofali mabichi, kuyaachia midomo ya kuingizia magogo na kulikandika kwa udongo nje, hupoteza joto kila upande, na kwa kawaida hula megajuli 3 au zaidi kwa kila kilo ya tofali. Kuni kavu hutoa megajuli 16 hivi kwa kilo. Kwa hiyo matofali 1,000 yanataka zaidi ya nusu tani ya kuni, na nyumba ya matofali 6,000 inataka tani 3 na nusu, hapo magogo yakiwa makavu na fundi akijua kazi. Magogo yakiwa mabichi, moto hutumika kwanza kukausha maji yaliyomo. Na hata tanuri lililochomwa vizuri lina matofali ya pembeni yasiyoiva, mekundu kwa nje na laini kiasi cha kukwanguka kwa kucha, pamoja na ya katikati yaliyoungua yakajipinda. Sasa chukua nyumba hiyohiyo, uijenge kwa bloku za saruji. Ukuta wake wa mita za mraba 120 unahitaji bloku 1,200 hivi, yaani mifuko kama 40 ya saruji, ambayo kutengenezwa kwake hutoa takriban tani moja na nusu ya hewa ya ukaa. Tani 3 na nusu za kuni zikiungua hutoa karibu tani 6. Mtetezi wa matofali atasema mti huota tena na kuinyonya hewa ile, nami nakubali, ila kwa sharti kwamba unaachwa uote. Miombo inayopona huongeza tani moja au mbili za mti kwa hekta kwa mwaka. Nyumba moja basi imekula ukuaji wa mwaka mzima wa hekta mbili au tatu, na aliyekata miti ile mara nyingi hufuatwa na anayelima palepale au kuchunga.

Hapa kuna pingamizi zito zaidi. Tabora ni mkoa wa tumbaku, na mabani ya kukaushia tumbaku yamekula kuni kwa miongo mingi. Kuna mkaa unaokwenda mjini, kuna mashamba mapya yanayofyekwa. Kwa nini basi kumwandama mtu anayejenga nyumba mara moja katika maisha yake? Jibu langu ni kwamba ukubwa wa chanzo si kigezo pekee cha kuamua pa kuanzia. Tumbaku inafungamana na mikopo, vyama vya ushirika na bei inayopangwa mbali. Mkaa unafungamana na chakula cha jioni cha mamilioni ya watu wa mijini. Anayefyatua matofali, yeye, ana njia nyingine mkononi mwake ambayo haimpunguzii ukubwa wa nyumba wala uimara wake. Zaidi ya hayo, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kwa uvunaji wa miti ya misitu ya asili, na kibali hicho kina ada. Tofali lingeuzwa kwa bei iliyojumuisha mti wake, wengi wangeshapiga hesabu upya.

Njia hiyo nyingine si ngeni kwa eneo lenyewe. Kigwa ni jina kongwe katika njia ya misafara. Msafiri Stanley alipita hapo mwaka 1871 akielekea Kwihara, karibu na mji wa Tabora, na tembe alizozikuta njiani, nyumba za paa bapa la udongo, zilikuwa na kuta za udongo usiochomwa. Tembe la Kwihara, alimokaa mmisionari Livingstone mwaka 1872, linajulikana kwa kuta zake nene za udongo, na unene huo ulikuwa na kazi. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Oktoba mchana joto huvuka nyuzi 30 na usiku hushuka chini ya 20. Ukuta mnene wa udongo hulipokea joto la mchana polepole kiasi kwamba linapofika ndani ni usiku, wakati watu wanalihitaji. Ukuta mwembamba wa bloku hauwezi kazi hiyo. Lakini kulisifia tembe bila kutaja kasoro zake ni ulaghai wa kitalii. Paa lake la udongo lilitaka boriti nyingi mno, maana uzito wake ni mkubwa, na mvua kubwa ililishinda. Sakafu ya vumbi na nyufa za ukuta vilikuwa makao ya papasi, kupe wanaoeneza homa ya papasi, ugonjwa uliowatesa wasafiri na wenyeji kwenye njia hiyohiyo ya misafara. Anayewaambia watu wa Kigwa warudi kwenye tembe kama lilivyokuwa anawaambia warudi kwa papasi pia.

Kinachofaa kuchukuliwa kutoka kwenye tembe ni kanuni moja tu, kwamba udongo unaweza kubeba nyumba bila kupita motoni. Zana za kuitimiza zimebadilika. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umetangaza kwa miaka mingi tofali la kufungamana, linaloshindiliwa kwa mashine ya mkono kutoka kwenye udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Udongo wa kufaa si wowote. Ule mweusi wa mbuga huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, uachiwe mpunga. Unaotakiwa ni mwekundu wa miinuko, wenye mchanga mwingi na mfinyanzi kiasi. Kipimo chake hakihitaji maabara. Chukua kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana na kina cha sentimita 4, jaza udongo uliolowa vizuri, anika siku kadhaa, kisha pima umesinyaa kiasi gani. Ukisinyaa chini ya milimita 15, sehemu 1 ya saruji kwa 18 za udongo inatosha. Ukifika 45 hadi 60, unahitaji 1 kwa 12. Fundi anayekiruka kipimo hiki na kukoroga kwa mazoea ama anapoteza saruji ama anapata tofali linalomong'onyoka, na sehemu kubwa ya sifa mbaya ya tofali hili imetokana na hapo.

Wauzaji wa mashine hudai kwamba tofali hili linaokoa saruji kwa wingi. Tuwe wakweli. Tofali lenye urefu wa sentimita 30, upana wa 15 na kimo cha 10 lina uzito wa kilo 8 hivi. Mfuko mmoja wa saruji hutoa kama 60 hadi 75, na ukuta wa mita moja ya mraba hula 33. Mfuko basi unajenga mita za mraba 2 hivi, ilhali mfuko wa bloku unajenga karibu 3. Tofali lenyewe halina uokoaji wowote. Uokoaji uko kwenye vitu vinavyoachwa: udongo wa saruji wa kuunganishia, na lipu ya ndani na nje. Mtu anayejenga kwa matofali ya kufungamana kisha akayapiga lipu pande zote mbili ili yafanane na nyumba ya mjini amelipa gharama zote mbili. Na palipo na udongo mzuri na baraza pana, tofali bichi lisilo na saruji kabisa, likiwa nene na limepakwa udongo wa kichuguu, bado ndilo la bei ndogo kuliko yote.

Mvua italiondoa, watasema. Mvua huondoa ukuta wa udongo pale inapoupiga kwa chini na pale maji yanapopanda kutoka ardhini. Msingi wa mawe ulioinuliwa nusu mita juu ya ardhi na paa lililotokeza sentimita 60 au zaidi huzuia yote mawili, na saruji iliyookolewa ukutani iende huko, na iende sakafuni, ambako ndiko inakomfukuza papasi. Bati nalo libaki, licha ya yote aliyoyasema Mwalimu. Vigae huchomwa, hurudisha tatizo lilelile, na uzito wake unadai kenchi nene. Bati la nyumba ya mita za mraba 60, kwa mvua ya milimita 900 kwa mwaka, linaweza kukinga zaidi ya lita 40,000 za maji. Joto lake lina dawa: shule ya Gando, Burkina Faso, iliyojengwa na Francis Kéré mwaka 2001 kwa matofali ya udongo yaliyoshindiliwa, ina bati lililoinuliwa juu ya dari ili upepo upite katikati. Jengo hilo lilipata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu mwaka 2004, na Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker mwaka 2022.

Linabaki suala la hadhi, na hili halijibiwi kwa hesabu. Mtu aliyejinyima miaka 5 ajenge hataki nyumba itakayochekwa, na hana wajibu wa kuwa wa kwanza. Wa kwanza awe anayejenga kwa fedha za umma. Vyumba vya madarasa, zahanati na nyumba za walimu hujengwa kila mwaka, mara nyingi wananchi wakichangia matofali ya kuchoma, na hakuna anayeuliza kuni zimetoka wapi. Halmashauri ikiandika katika makadirio ya vifaa kwamba ukuta wa nyumba ya mwalimu utakuwa wa tofali la kufungamana bila lipu ya nje, mafundi watajifunza kwa kulipwa, na kijiji kitapata jengo la kukagua masika baada ya masika. Inachohitaji zaidi ni kuheshimu majira. Udongo huchimbwa na kupimwa mvua zikikatika, Mei au Juni. Matofali hufyatuliwa kivulini na kumwagiwa maji kwa wiki moja au mbili, kabla visima havijapungua. Kuta husimama na kuezekwa kabla ya Novemba. Fedha za mradi zikifika Oktoba, fundi hana ujanja, atanunua lililokwisha kuchomwa.