HOFU YA MCHEZO NA HOFU YA KWELI



Mwezi wa Oktoba katika bara yetu hii ya Dodoma ni mwezi wa vumbi na upepo. Mvua bado hazijawadia, na usiku ukiingia watu hupenda kukaa nje barazani kupunga hewa. Usiku mmoja wa namna hiyo, baada ya sala ya Isha, nilikuwa nimeketi mbele ya chuo changu nikawasikia vijana wawili wakibishana kwa sauti kubwa, hata nikadhani wanagombania mali. Nilipokaribia nikakuta ubishi wenyewe ni huu: katika yale maonyesho ya kutisha yafanywayo Marekani kila mwaka mwezi huo, lililo bora ni lipi, michezo ya jukwaani au vitisho vyenyewe?

Mmoja alikuwa mpwa wangu, na wa pili mwanafunzi wangu wa zamani. Wote wawili hawajapata kufika Marekani. Wameyaona hayo katika simu zao. Mwanafunzi akasema, "Mtu alipe kiingilio, asimame foleni saa nzima, kisha aonyeshwe watu wanaocheza dansi? Aliyekwenda kutishwa na atishwe!" Mpwa wangu akamjibu, "Kutishwa mfululizo kwachosha. Lazima pawe na wimbo na kichekesho, moyo upumue, ndipo kitisho kijacho kikupate." Kisha wakanigeukia mimi. "Mjomba, tuamue wewe."

Sikuwahukumu usiku ule, kwani yapasa mtu alijue jambo kabla ya kulitolea hukumu. Baadaye nikauliza na kusoma, na niliyoyapata ndiyo haya.

Halloween ni usiku wa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote ya Wakristo wa Magharibi. Na wengi wasema kwamba chanzo chake ni mila za kale za watu wa Ireland na Scotland walipokuwa wakiaga mavuno na kuingia majira ya baridi. Huko Marekani jambo hilo likageuka kuwa biashara ya bustani za michezo. Mwaka 1973 bustani ya Knott's Berry Farm, katika jimbo la California, ilifanya usiku wa vitisho kwa muda wa siku tatu tu. Leo jambo hilo huchukua majuma mengi. Mwaka 1991 bustani ya Universal iliyoko Orlando, Florida, nayo ikaanza, na mwaka uliofuata ikaweka mchezo wa jukwaani wa kuchekesha uliokuwa ukiwadhihaki watu mashuhuri. Mchezo huo ulidumu mpaka mwaka 2017, na ulipokoma wako walioona kwamba wamepoteza nusu ya ladha ya usiku huo. Basi ubishi wa vijana wangu si mpya; wapenzi wa mambo hayo huko kwao hubishana vivyo hivyo.

Na hayo hayakubaki kwao tu. Hata mjini Riyadh, mwezi wa Oktoba 2022, vijana walionekana wamevaa mavazi ya kutisha katika tamasha la mji huo. Wala sisi si wageni wa starehe ya hofu. Katika miaka ya 2000 Bwana Mussa Banzi alitengeneza filamu za kutisha kwa Kiswahili, mojawapo ikiitwa Nsyuka na nyingine Shumileta, na zikapata watazamaji wengi. Na kabla ya filamu tulikuwa na bibi zetu. Nani kati yetu hakuketi karibu na moto akasikiliza habari za zimwi lililommeza mtoto? Bibi yangu hakuwa akitisha mfululizo. Zimwi lilipokaribia mlango, yeye huanzisha wimbo, nasi sote huitikia. Kisha huteremsha sauti, na zimwi hugonga. Na hadithi haikupata kwisha zimwi likiwa hai. Katika hili nakiri kwamba mpwa wangu yuko karibu na haki kuliko mwenzake.

Walakini, ndugu wasomaji, hayo si yaliyonifanya nishike kalamu.

Siku nne baada ya ubishi ule, mtoto mmoja wa chuo changu, wa umri wa miaka minane, alikuwa akirudi nyumbani usiku na juzuu yake kifuani. Njia yapita chini ya mbuyu mkubwa. Pale akatokewa na kitu cheupe chenye uso wa kinyama, kikinguruma. Mtoto alikimbia, akaanguka juu ya jiwe, akapasuka juu ya jicho. Usiku ule hakulala, na kwa muda wa majuma mawili hakutaka kutoka nje baada ya Magharibi. Kile kitu kilikuwa nini? Shuka na uso wa karatasi, na ndani yake yule mwanafunzi wangu aliyetaka kila mtu atishwe. Nilipomwita alisema, "Maalim, ulikuwa mchezo tu."

Basi hapa ndipo penye swali lenyewe: mchezo ni nini? Yule aendaye Orlando amechagua kwenda. Ajua kwamba aliyevaa uso wa mnyama ni mtu wa kazi, aliyekatazwa kumgusa. Ajua kwamba mbele kuna mlango wa kutokea, na kwamba akitoka atacheka na wenzake. Ondoa mambo hayo, na mchezo umekwisha, imebaki dhuluma. Mtoto wangu wa chuo hakuchagua, hakujua, wala hakuwa na mlango.

Tena hata palipo na hiari, mwenye mchezo ana dhima. Tarehe 11 Mei 1984, katika jimbo la New Jersey huko Marekani, nyumba moja ya vitisho iliyokuwa ndani ya bustani ya Six Flags Great Adventure ilishika moto, na vijana wanane wakafa ndani yake. Nyumba ile ilikuwa ya vyumba vya magari ya kukokotwa vilivyounganishwa, njia zake nyembamba na giza, wala haikuwa na mitambo ya kunyunyiza maji. Waliingia kucheza na hofu, wakakutana na ile ya kweli.

Na sisi wa bara tunayo kumbukumbu yetu. Katika miaka ya 1946 hadi 1948, huko Singida, watu wengi waliuawa kwa makucha, na kwanza ikadhaniwa kwamba ni kazi ya simba. Ikaja kudhihiri kwamba mauaji mengi yalikuwa ya binadamu waliojivika ngozi za simba, na wako waliohukumiwa kunyongwa. Nguo ya kutisha ilikuwa kifuniko cha uuaji. Tazameni pia Zanzibar mwaka 1995, ilipoenea habari ya Popobawa. Watu walikesha nje makundi kwa makundi wakiogopa kulala ndani, na katika hofu ile mtu mmoja mwenye maradhi ya akili alidhaniwa kuwa ndiye, akapigwa na umati hata akafa. Hofu ikishatoka mkononi mwa aliyeianzisha, haimsikilizi tena.

Imepokewa katika mkusanyo wa Imam Abu Daud kwamba Masahaba walikuwa safarini pamoja na Mtume, rehema na amani zimshukie, na mmoja wao akalala. Mwenzake akaiendea kamba aliyokuwa nayo akaichukua, na yule aliyelala akashtuka. Mtume akabainisha kwamba si halali kwa Mwislamu kumtisha Mwislamu mwenzake. Kamba tu, ndugu zangu! Na katika Surat Quraysh Mwenyezi Mungu amewakumbusha Maquraysh neema mbili pamoja: kulishwa baada ya njaa na kusalimishwa na hofu. Basi amwondoleaye mtoto amani yake ni kama amnyang'anyaye chakula.

Nilimpeleka kijana kwa wazee wa mtoto akaomba radhi, na nikamwamuru awe akimsindikiza kila usiku mpaka mlangoni kwao. Nilidhani nimemaliza. Mama wa mtoto akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Maalim, nikwambie jambo, nawe usinikasirikie. Nilimwuliza mwanangu alidhani ameona nini. Akasema ni yule uliyewaambia kwamba huja usiku kumchukua asiyehifadhi somo lake."

Sikuwa na jibu. Ni kweli, nimesema hivyo miaka mingi. Walimu wangu walinitisha hivyo, nami nikawatisha watoto wa watu, nikiona kwamba somo huingia upesi. Kijana alivaa shuka usiku mmoja. Mimi nilivaa maneno mchana, miaka yote hiyo, tena mbele ya watoto ambao hawana pa kutokea. Nilimwomba radhi mama yule, na kesho yake nikawaambia watoto wote chuoni kwamba yule mtu hayuko wala hakupata kuwako. Walicheka sana. Mdogo mmoja akauliza, "Hata kidogo, Maalim?" Nikamwambia, hata kidogo.

Sasa mtoto yule huja chuoni usiku, na amemaliza juzuu ya Amma. Ama wale vijana wawili, bado hubishana. Nami nawaambia wao, na nawaambia wazazi wote: wakubwa kwa hiari yao na watazame wakijuacho kuwa ni mchezo, mradi wasipoteze sala wala haya, lakini mtoto mdogo asionyeshwe, na mpita njia asivamiwe. Na sisi tunaofundisha, kabla hatujamvua kijana uso wake wa karatasi, kila mmoja na apapase uso wake mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.