Kwa Nini Selimundu Haitoweki

Mwaka 1908 Hardy wa Uingereza na Weinberg wa Ujerumani, kila mmoja kivyake, walionyesha kuwa kurithishana peke yake hakupunguzi kinasaba: pasipo cha kukiongeza wala kukiondoa, kiwango chake hubaki kilekile kizazi hata kizazi. Lakini selimundu huua watoto waliorithi kinasaba chake kwa wazazi wote wawili. Mbona basi hakiishi? Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alieleza: aliyekirithi kwa mzazi mmoja tu hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria. Huyo si mgonjwa, na mara nyingi hajijui. Wachumba wawili wa namna hiyo wakioana, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua. Wapime damu kabla ya ndoa kutangazwa kanisani.