Kila romani iko na deni yake



Tangu nimalize lisansi, miezi nane imepita. Dosye yangu iko katika biro nyingi za mji huu wa Lubumbashi, na simu bado hailie. Katika miezi ile nimesoma romani sita. Siku moja yaya yangu alinikuta uani na kitabu mkononi, saa nne ya asubuhi. Akaniuliza: "Weye, diplome unayo, kazi hauna, na uko unasoma hadithi za mapendo? Ile itakulisha?" Nilicheka, lakini swali lilinibaki rohoni. Leo nataka kulijibu mbele yenu, juu najua wengi kati yenu mmeulizwa vile vile.

Jibu langu ni hili. Kila romani inamkopa msomaji wake. Inakopa saa zake, na inakopa imani yake. Kwa hiyo iko na deni ya kulipa. Lakini romani ya mapendo haina deni sawa na ile ya maajabu, wala ile ya polisi. Msomaji akijua deni ya kila moja, atajua namna ya kudai. Na mtu aliyezoea kudai deni ya hadithi si rahisi kumdanganya, hata nje ya vitabu. Neno hilo sikulifahamu darasani. Nililifahamu nyumbani kwetu, na nitafika pale.

Tuanze na mapendo.

Orgueil et Préjugés ya Jane Austen, mwandishi wa Uingereza, ilitoka mwaka 1813. Niliinunua kwa Kifaransa, kwa mzee mmoja anayetandika vitabu chini kando ya barabara, jalada limekwisha kung'oka. Nilifikiri nitasoma habari za mabibi wanaokunywa chai. Kumbe shida ya kitabu kile tunaijua sana. Mzee Bennet ana mabinti watano, na sheria ya mali yake haikubali binti arithi. Siku atakapokufa, nyumba na mashamba vitaenda kwa ndugu wa kiume, Bwana Collins. Nani kati yetu hajaona mjane na watoto wake wakitolewa nyumbani na jamaa ya marehemu, hata kilio hakijaisha?

Basi Collins anapoomba kumuoa Elizabeth, na Elizabeth anakataa, binti yule hakatai mwanaume tu. Anakataa paa la nyumba. Baadaye anakuja Darcy, tajiri kabisa. Anasema anampenda, lakini katika maneno yale yale anamwonyesha ginsi jamaa yake ilivyo chini. Elizabeth anamkataa naye. Hapo tumefika sura ya 34, na kitabu kina sura 61. Kazi iliyobaki ni nini? Ni wao wawili kubadilika. Darcy anaandika barua. Elizabeth anaisoma, anairudilia, na anaona kwamba alimhukumu mtu pashipo kumjua. Darcy naye anajifunza kusema bila dharau, na anaisaidia jamaa ya Elizabeth kwa siri, bila kungojea asante.

Njo deni ya romani ya mapendo. Kizuizi kiwe cha kweli, na kitakachokiondoa kiwe badiliko ndani ya watu, si bahati. Kama ukuta unaanguka juu mjomba tajiri amekufa na kuacha mali, msomaji hajalipwa. Mwisho wenyewe tunaujua tangu mwanzo, sawa vile ndoa ambayo mahari imekwisha kupokelewa. Tunasoma juu ya kuona njia.

Sasa niungame kosa langu. Kisha Austen nilikamata Le Bel Immonde ya V. Y. Mudimbe, mtoto wa Likasi, iliyotoka mwaka 1976. Iko Kinshasa, wakati wa uasi wa miaka ya 1960. Waziri mmoja anapendana na mwanamke wa bar, na watu wa mwanamke yule wako upande wa waasi. Nilisoma nikingojea wawili wale wabadilike na mapendo yashinde. Niliifunga kwa hasira. Nilimwambia kila mtu kwamba Mudimbe ameharibu hadithi nzuri. Ilinipasa wiki mbili kuona kwamba nilikuwa ninadai deni kwa mtu ambaye hakukopa. Mudimbe hakuahidi harusi. Anauliza kama mapendo yanaweza kusimama fasi ambapo mamlaka inanunua kila kitu, na mwili wa mtu ndani yake. Nilirudi kuisoma na swali lile, na sasa ninaiona kuwa kali kuliko zote sita. Usikasirikie kitabu mbele ya kujua kimekuahidi nini.

Tuje kwa maajabu.

Wengi wanasema romani za maajabu ni za watoto, juu mule kila kitu kinawezekana. Mimi ninasema kinyume. Hadithi ambayo kila kitu kinawezekana haiogopeshi na haifurahishi. Nilianza kusoma moja kwenye telefone, ya kijana ambaye kila anaposhindwa anapata nguvu mpya kutoka mbinguni. Mara ya tano niliacha. Kama najua nguvu itakuja tu, niogope nini?

Lakini someni L'Ivrogne dans la brousse ya Amos Tutuola, wa Nigeria. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka London mwaka 1952, na mwaka uliofuata Raymond Queneau akaitoa kwa Kifaransa. Mtu mmoja anapenda pombe ya mchikichi kupita kiasi. Mgemaji wake anaanguka mtini na kufa. Basi yeye anafunga safari kwenda mji wa wafu kumtafuta. Ukikua na bibi anayesimulia habari za Kalulu jioni, utajiona uko nyumbani.

Mambo mawili yalinishika. Kuna bwana mmoja mzuri sana sokoni, na binti mmoja anamfuata. Wanapofika porini, bwana yule anaanza kurudisha viungo vyake kwa wenyewe, miguu fasi hii, mikono fasi ile, na kwa kila kiungo analipa kodi. Mwisho anabaki fuvu la kichwa tu. Uzuri wote ulikuwa wa kukodi! Jambo la pili: msafiri na mke wake, mbele ya kuingia ndani ya mti mmoja mkubwa, wanauza kifo chao kwa paundi 70 na kitu, na woga wao wanaukopesha kwa faida ya kila mwezi. Wanapotoka, wanarudishiwa woga, lakini kifo kimekwisha kuuzwa. Tangu pale hawawezi kufa tena, lakini wanaogopa sawa mtu yeyote. Unaona? Ajabu ni kubwa, lakini hesabu yake inashikwa mpaka mwisho. Aliyeuza ameuza.

Deni ya romani ya maajabu ni ile: ajabu iwe na sheria, na iwe na bei. Hata Harry Potter, ambaye wengi wetu tulimjua kwa filme mbele ya kitabu, ana fimbo ya uchawi, lakini uchawi ule hauwezi kumrudishia wazazi waliokufa. Yatima anabaki yatima. Njo maana tunamwamini.

Tuingie kwa romani za polisi.

Hapa deni iliandikwa waziwazi. Mwaka 1929, Ronald Knox, padri Mkatoliki wa Uingereza ambaye naye alitunga romani za polisi, alitoa amri kumi za kazi hiyo. Amri moja inakataza nguvu zisizo za dunia hii zisitumiwe kufumbua neno. Nyingine inasema kwamba mpelelezi akiona alama, msomaji naye aonyeshwe. Angalieni: ni padri, mtu anayeamini mambo ya roho, njo anasema vile. Yeye alijua kwamba penye maiti, anayesema "ni roho" amefunga mlango wa maulizo.

Nilisoma Le Meurtre de Roger Ackroyd ya Agatha Christie, ya mwaka 1926. Sitawaambia muuaji. Nitasema tu kwamba wasomaji wa wakati ule waligombana: wengine walisema mama yule ametudanganya, wengine walisema hapana, alama zote zilikuwa mbele yetu. Mimi nilirudi kurasa za mwanzo na kidole, mstari kwa mstari. Alama ziko. Alilipa deni, mimi njo nilikuwa nimelala.

Kisha rafiki aliyetoka Kigoma aliniletea Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya mwaka 1960. Kiswahili chake cha Unguja kilinipa kazi, maneno mengine niliyapita tu. Mtu anakutwa amekufa kwenye mzimu, fasi ambayo watu wanaiogopa. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, hauulizi mzimu. Anauliza watu. Nani alimwona mara ya mwisho? Alitoka saa ngapi? Nani anapata faida?

Sasa nifike nyumbani.

Mwezi wa pili, kwa mama mudogo wangu, dola 180 zilipotea. Zilikuwa za minervali ya mtoto wake, anayemaliza mwaka huu. Katika nyumba ile kulikuwa na binti wa miaka tisa, yatima wa upande wa baba, aliyeletwa kisha kifo cha mama yake. Siku ya tatu neno lilianza: "Ni ule mutoto. Tangu alifika, bintu binapotea. Iko na bulozi." Walikuwa wamekwisha kupanga siku ya kumpeleka chumba cha maombi, afungishwe kula mpaka aungame.

Mimi si mpelelezi. Nilikaa tu na kuuliza, kwa heshima, maulizo ya Bwana Msa. "Mama mudogo, mara ya mwisho ulihesabu pesa siku gani?" Siku ya tano, jioni. "Uliona zimepotea lini?" Siku ya posho, asubuhi. "Na mtoto alilala wapi usiku ule?" Watu wakanyamaza. Alilala kwetu, alikuja kumsaidia mama yangu. Baba mukubwa akasema: "Mulozi hana lazima ya kuwa pale." Nikamjibu: "Papa, kama aliyekuwa pale na asiyekuwa pale wote wana hatia, basi hata mimi na wewe tuko na hatia." Kisha nikasoma kwa telefone kipengele cha 41 cha Katiba yetu ya 2006, kinachokataza kumshitaki mtoto juu ya ulozi na kusema sheria itamwazibu mwenye kufanya hivyo.

Ningependa kuwaambia kwamba mwizi alipatikana. Hapana. Pesa zile hazijaonekana mpaka leo, na baba mukubwa bado ananisalimia kwa shida. Binti anakaa kwetu sasa. Jioni ananiomba nimsomee habari ya bwana aliyekodi viungo, na kila mara anacheka fuvu linapobaki peke yake.

Yaya, njo jibu langu. Romani hazijanilisha. Lakini siku ile hadithi ililetwa nyumbani kwetu, na ilitaka tuilipe kwa mwili wa mtoto. Ilikuwa hadithi mbaya, nami nilijua ubaya wake uko wapi: ilitoa jibu mbele ya alama, na ajabu yake haikuwa na sheria hata moja.

Kwa hiyo, wandugu, mkifunga kitabu msiseme tu "nimependa" ao "sikupenda". Kama ni cha mapendo, ulizeni: nani amebadilika, na kwa sababu gani? Kama ni cha maajabu: sheria ni ipi, na nani amelipa bei? Kama ni cha polisi: alama nilionyeshwa? Na mtu akiwaletea hadithi juu ya jirani, juu ya mjane, juu ya mtoto, mdaini vile vile.

Na ninyi, romani gani mwaka huu imewalipa deni yake, na ipi imekimbia nayo?